Mazoea ya Vidole: Mtu Ahamapo Kutoka Mfumo Mmoja wa Kompyuta Kwenda Mwingine

Dereva wa lori atokaye Dar es Salaam kwenda Kigali huendesha upande wa kushoto wa barabara kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Afikapo Rusumo, mahali ambapo daraja la mto Kagera huiunganisha Tanzania na Rwanda, hana budi kuhamia upande wa kulia. Usukani ni ule ule, gia ni zile zile, na maarifa yake ya kupima mteremko na uzito wa shehena hayakupungua hata chembe. Dereva mzoefu hasumbuki sana katika kilomita za mwanzo, kwa kuwa wakati huo akili yake yote i macho. Hatari huja baadaye: alfajiri, barabara ikiwa tupu, anapotoka kituo cha mafuta huku akiwaza mambo mengine, na mikono yake inampeleka kushoto bila kumwuliza.

Hali ya namna hiyo humpata mtu aliyetumia kompyuta kwa miaka kumi au ishirini chini ya mfumo mmoja wa uendeshaji, kisha akalazimika kuutumia mwingine. Mtu huyo si mjinga wa kompyuta. Kinyume chake, shida yake yatokana na ujuzi wake. Mwanafunzi ambaye hajapata kugusa kibodi hujua kwamba hajui, naye huuliza; mtu mzoefu hajui kwamba hajui, naye hutenda.

Jambo hili lafaa kuangaliwa kwa makini mashuleni. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa mfumo wake wa Windows 10, na mfumo uliofuata, Windows 11, haukubali rasmi kuwekwa katika mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hivi. Shule yenye chumba cha kompyuta za umri huo ina njia chache: kuendelea kuzitumia bila ulinzi, kununua nyingine, au kuweka mfumo tofauti, aghalabu mmojawapo wa jamii ya Linux, ambao hauna ada ya leseni na huweza kuendesha mashine kongwe. Njia hii ya tatu huonekana rahisi katika karatasi ya bajeti. Gharama yake imo katika vidole vya walimu, na bajeti haina safu ya vidole.

Nasaba mbili

Mfumo wa uendeshaji ni programu kuu inayosimama baina ya vyuma vya kompyuta na programu nyinginezo. Ndio unaogawa muda wa prosesa, unaotenga nafasi katika kumbukumbu, unaoweka faili kwenye diski na kuzitafuta zinapohitajika, na unaoamua nani aruhusiwe kufanya nini. Mtumiaji aghalabu hauoni. Huona madirisha na picha ndogo tu. Lakini tabia za mfumo hupenya hadi juu, kama vile ukali wa mwalimu mkuu unavyojulikana hata na mwanafunzi ambaye hajapata kuitwa ofisini kwake.

Mifumo inayozungumzwa hapa ina nasaba mbili. Ya kwanza ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo uliokuja kuitwa Unix. Mashine za siku hizo zilikuwa ghali mno, na kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Hivyo tangu mwanzo Unix ilihitaji kujua faili hii ni ya nani, na nani asiruhusiwe kuifuta. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa umri wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, aliandika kiini cha mfumo unaofuata desturi za Unix. Kiini hicho, kilichoitwa Linux, kiliunganishwa na programu za mradi wa GNU ambao Richard Stallman alikuwa ameutangaza mwaka 1983.

Nasaba ya pili ni ya kompyuta ya mtu mmoja mezani pake. Mwaka 1974 Gary Kildall aliunda CP/M kwa ajili ya mashine ndogo. Mwaka 1980 Tim Paterson wa Seattle aliandika mfumo uliofanana nao kwa prosesa mpya ya Intel. Microsoft ikaununua, nao ukatoka pamoja na kompyuta ya IBM mwezi Agosti 1981 na kujulikana ulimwenguni kwa jina la MS-DOS. Windows ya mwaka 1985 ilikuwa vazi lililovishwa juu ya mfumo huo. Baadaye, mwaka 1993, Windows NT ililetwa ikiwa na kiini kipya kabisa, lakini ilihifadhi adabu nyingi za zamani ili programu za watu zisife. MS-DOS haikuwa na haja ya kuuliza nani ameketi mbele ya mashine: aliyeketi ndiye mwenyewe.

Afrika Mashariki iliifahamu kompyuta hasa kwa njia ya nasaba hii ya pili. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na amri hiyo ilipolegezwa na mashine zikaanza kuenea maofisini na mashuleni, zilikuwa kwa sehemu kubwa za aina ya IBM. Kwa hiyo watu wengi wanaposema wanajua kompyuta, wana maana kwamba wanajua desturi za ukoo mmoja wa kompyuta.

Mambo yamsumbuayo mgeni

Achukuliwe mwalimu wa jiografia aliyetumia Windows tangu siku zake za chuo, naye sasa amewekewa Linux katika mashine ya ofisini. Dakika kumi za kwanza hupita vyema. Madirisha yapo, kipanya kinafanya kazi, intaneti inafunguka. Kisha anatafuta diski ya C, wala haioni.

C ni herufi ya tatu, na wengi hawajapata kujiuliza A na B zilikwenda wapi. Hizo zilikuwa nafasi za diski laini. Mashine za mwanzo zilikuwa na moja au mbili, na diski ngumu ilipokuja ikapewa herufi iliyofuata. Diski laini zimekwisha kutoweka, lakini C imebaki pale pale. Katika Unix na Linux hakuna herufi za diski. Kuna mti mmoja tu wa folda, ambao shina lake huandikwa kwa alama ya mkwaju peke yake, yaani /, na kila diski hupandikizwa katika tawi fulani la mti huo. Kidiski cha USB kikichomekwa, huonekana kama folda iliyochipuka mahali fulani, kwa kawaida ndani ya tawi liitwalo media. Mwalimu aliyezoea kuuliza “iko diski gani?” hana budi kujifunza kuuliza “iko tawi gani?”

Mkwaju wenyewe ni chanzo cha usumbufu mwingine. Windows huandika njia ya faili kwa mkwaju ulioangukia nyuma, \, na Linux kwa ule ulioinamia mbele. Hapana hekima iliyofichika katika tofauti hiyo. Unix ilitumia / tangu mwanzo wa miaka ya 1970. MS-DOS ya kwanza haikuwa na folda kabisa, na alama ya / ilikuwa imekwisha kupewa kazi nyingine, ya kuonyesha hiari za amri. Toleo la pili lilipoleta folda mwaka 1983, ikabidi itafutwe alama nyingine, na iliyokuwa karibu ilikuwa \. Uamuzi uliofanywa ili kutovuruga mazoea ya watumiaji wachache wa wakati ule umekuwa mazoea ya mamilioni ya watu.

Tofauti ya herufi kubwa na ndogo ni nzito zaidi, kwani yaweza kumgharimu mtu kazi yake. Kwa kawaida Windows huhesabu Matokeo na matokeo kuwa jina moja. Linux huyahesabu kuwa majina mawili ya faili mbili. Mwalimu aliyehifadhi alama za mtihani Jumatatu kwa jina moja, na masahihisho Jumatano kwa jina lile lile lakini kwa herufi ndogo, ana faili mbili pasipo kujua, na yamkini atapeleka kwa mkuu wa taaluma ile isiyosahihishwa. Mambo huzidi kuharibika anapozinakili zote mbili kwenye kidiski cha USB, kwa kuwa vidiski hivyo kwa kawaida hupangwa kwa mtindo wa Windows, usioweza kuweka majina hayo mawili katika folda moja. Mashine humwuliza kama anataka faili ya pili ichukue nafasi ya ya kwanza. Yeye, akiamini kwamba faili ni moja tu, anakubali.

Bado kuna vitufe. Aliyezoea Windows hushika kitufe cha Control pamoja na C ili kunakili, na pamoja na Z ili kutangua kosa. Herufi hizo zilienea kutokana na kazi ya Larry Tesler na wenzake, na zilionekana katika kompyuta ya Lisa ya kampuni ya Apple mwaka 1983. Apple walizifunga na kitufe cha pekee chao wenyewe. Windows ilipozichukua ilizifunga na kitufe cha Control, na hapo ndipo mgongano ulipozaliwa, kwa sababu Control pamoja na C ilikuwa na maana nyingine tangu zamani katika mashine zilizotumiwa kwa amri za maandishi: kukatiza programu inayoendelea. Linux imehifadhi maana zote mbili. Katika programu ya kuandikia barua, Control na C hunakili kama katika Windows. Katika dirisha la amri, hukatiza. Mwalimu anayehamisha faili elfu mbili za picha kwa amri, akaona ujumbe wa kuvutia katika dirisha hilo, akataka kuunakili, ataikata kazi yake katikati. Aking'amua kosa, vidole vyake vitakimbilia Control na Z ili kulitangua. Kwa bahati mbaya Control na Z katika dirisha lile huisimamisha programu na kuiweka kando, ikiwa hai lakini imelala. Kosa moja limezaa la pili, na yote mawili yametendwa na mtu anayejua kazi yake.

Kuna tofauti nyingine ndogo ambayo inastahili kutajwa kwa sababu asili yake yapendeza. Faili ya maandishi matupu iliyotoka Linux ilikuwa ikifunguliwa katika Notepad ya Windows huonekana kama mstari mmoja mrefu usio na mwisho. Sababu yake ni mashine za kupokelea simu za maandishi, mathalani Teletype namba 33 ya mwaka 1963, iliyochapa herufi 10 kwa sekunde. Kumaliza mstari katika mashine hiyo kulihitaji matendo mawili: kurudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, na kusogeza karatasi juu. Kila tendo lilikuwa na alama yake. Watu wa Unix waliona alama moja yatosha kuhifadhiwa katika faili. CP/M na watoto wake walihifadhi zote mbili. Notepad ilianza kuuelewa mtindo wa Unix katika mwaka 2018. Tabia ya chuma kilichokwisha kutupwa jalalani iliendelea kuwasumbua watu ambao hawajapata kukiona, na huenda wazazi wao pia hawajakiona.

Yanayosemwa na elimu ya nafsi

Mwaka 1901 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Thorndike na Robert Woodworth, walichapisha majaribio kuhusu uhamisho wa ujuzi. Waliwafundisha watu kukadiria ukubwa wa maumbo ya namna fulani, kisha wakawapa maumbo ya namna nyingine. Faida iliyohama ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa na walimu wa zama hizo, walioamini kwamba kujifunza Kilatini hunoa akili kwa kila jambo. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ujuzi huhama kwa kadiri ya mambo yaliyo sawasawa baina ya kazi ya zamani na ile mpya.

Kanuni hiyo yaeleza kwa nini mwalimu wetu wa jiografia hakupata taabu katika kutumia kipanya. Lakini haitoshi kueleza makosa yake, kwani makosa yalitokea hasa mahali ambapo mambo yalifanana: kitufe kile kile, maana tofauti. Mahali ambapo mfumo mpya ni mgeni kabisa, mtu husita na kutafakari. Mahali unapofanana na wa zamani kwa sura na kutofautiana kwa tabia, hasiti. Mswahili wa pwani akiwa Helsinki hujua kwamba haelewi Kifini. Hutumbukia katika kutoelewana zaidi akiwa na Mswahili wa mahali pengine, anayetumia neno lile lile kwa maana nyingine.

Katika miaka ya 1980 John Carroll na Mary Beth Rosson, waliokuwa watafiti wa IBM, walilichunguza jambo hili kwa karibu. Wakati huo makarani waliozoea taipureta walikuwa wakifundishwa kuandika kwa kompyuta. Miongoni mwa mambo yaliyoonekana katika uchunguzi wa zama hizo ni kwamba wapiga chapa walibonyeza ubao mrefu wa nafasi ili kusogea mbele katika mstari, kama walivyofanya katika taipureta. Katika taipureta tendo hilo halina madhara: kichwa husogea, karatasi haibadiliki. Katika kompyuta nafasi ni herufi kama herufi nyingine, nayo huyasukuma maneno yaliyopo au kuyafuta. Katika makala yao ya mwaka 1987 Carroll na Rosson walieleza vikwazo viwili. Cha kwanza, mtu ana kazi ya kukamilisha, hivyo hataki kupoteza muda kusoma maelezo, ijapokuwa kusoma kungemwokolea muda. Cha pili, mtu hulifasiri jambo jipya kwa yale ayajuayo, na hana namna nyingine ya kulifasiri, hata pale ayajuayo yanapompotosha.

Kikwazo hiki cha pili hakiondolewi kwa bidii peke yake. Mwalimu hawezi kuambiwa asahau Windows. Hata angeweza, isingefaa, kwa maana mambo mengi aliyojifunza yangali sahihi: kwamba faili ina jina na mahali, kwamba kuhifadhi si sawa na kuandika, kwamba nakala ya akiba ni lazima. Kinachotakiwa ni kutenganisha yaliyo ya kompyuta na yaliyo ya Windows tu. Aliyetumia mfumo mmoja maisha yake yote hana njia ya kuyatenganisha, kama vile mtu ajuaye lugha moja asivyojua kipi ni sarufi ya lugha yake na kipi ni sarufi ya kila lugha.

Jina na mwili wa faili

Mfano mmoja waonyesha jinsi usumbufu unavyoweza kugeuka kuwa elimu. Katika Windows, mtu akijaribu kufuta faili ambayo programu fulani imeifungua, aghalabu hukataliwa na kuambiwa kwamba faili inatumika. Katika Linux hufutwa mara moja, wala programu iliyokuwa ikiitumia hailalamiki. Huendelea kuisoma kana kwamba hakuna kilichotokea. Mzoefu wa Windows huliona jambo hilo kuwa ni hitilafu, au ni uchawi.

Ufafanuzi wake ni huu. Katika jamii ya Unix, jina si faili. Faili ni mwili wa taarifa uliopo kwenye diski, wenye namba yake. Folda ni daftari linaloandika kwamba jina fulani laelekea namba fulani. Mwili mmoja waweza kuwa na majina mawili au matatu katika folda mbalimbali, na hakuna lililo jina halisi zaidi ya jingine. Amri ya kufuta haiugusi mwili; hufuta mstari mmoja katika daftari. Mwili hutoweka tu pale ambapo hakuna jina lililobaki wala programu inayoushikilia. Ndiyo sababu Linux huweza kubadilisha programu zake kwa matoleo mapya huku watu wakiendelea na kazi, ilhali Windows mara nyingi huomba mashine izimwe na kuwashwa upya: ya kwanza huandika mwili mpya na kuupa jina la zamani, na wanaotumia ule wa zamani wanaumaliza polepole.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akielewa jambo hili, amejifunza kuhusu faili jambo ambalo miaka ishirini ya kubonyeza picha ndogo haingemfundisha. Ataelewa pia hatari yake. Amri ya kufuta katika Linux huitwa rm, herufi mbili tu, kwa kuwa amri za Unix zilibuniwa kwa watu waliochapa kwenye mashine nzito na za polepole, nao hawakutaka kuchapa herufi moja zaidi ya lazima. Amri hiyo haina kapu la taka. Mzoefu wa Windows amelelewa katika imani kwamba kilichofutwa kiko kapuni, na imani hiyo humfanya afute kwa mkono mwepesi. Madirisha ya Linux yana kapu, lakini dirisha la amri halina. Ni afadhali mgeni asifundishwe rm katika juma la kwanza. Afundishwe kwanza kunakili na kuhamisha, na kuweka akiba.

München na Ufaransa

Uhamaji wa watu wengi kwa pamoja umejaribiwa mahali pakubwa. Mwaka 2003 baraza la mji wa München, Ujerumani, liliamua kuacha Windows katika ofisi zake na kutumia Linux. Hadi mwaka 2013 mashine zaidi ya 14,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2017 baraza likaamua kurudi Windows. Mabishano juu ya sababu hayajesha: wengine walilaumu siasa, wengine mgawanyiko wa idara za ufundi, wengine ugumu wa kubadilishana hati na ofisi za nje zilizotumia programu za Microsoft. Lisilobishaniwa ni kwamba sehemu kubwa ya kazi haikuwa kuweka mfumo mpya. Ilikuwa kushughulikia fomu na violezo vingi vilivyokuwa vimetengenezwa na idara mbalimbali kwa miaka mingi, kila kimoja kikiwa na mbinu zake zilizoegemea programu ya zamani. Mazoea hayakai katika vidole peke yake. Hukaa pia katika karatasi za ofisi.

Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilifuata mpango mwingine. Tangu mwaka 2005 liliwapa askari wake programu za OpenOffice, na baadaye Firefox na Thunderbird, wakiwa bado ndani ya Windows. Walipokwisha kuzizoea ndipo, kuanzia mwaka 2008, mfumo wenyewe ukabadilishwa chini yao. Askari alifungua mashine akakuta programu zile zile alizozizoea. Kilichokuwa kipya kilikuwa kidogo. Makumi ya maelfu ya mashine zilihamishwa kwa njia hiyo, na hazikurudishwa. Pengine tofauti ya matokeo ina sababu nyingine nyingi, mojawapo ikiwa kwamba askari hutii amri kuliko karani wa mji, lakini mpangilio wa hatua unalingana sana na kanuni ya Thorndike na Woodworth: kuongeza kwanza mambo yaliyo sawasawa.

Shule yaweza kuiga bila gharama. Programu ya LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice, hufanya kazi katika Windows na katika Linux pia. Kwa wasomaji wa Kiswahili si ngeni kabisa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, iliyoandikwa maneno yake kwa Kiswahili. Walimu wakitumia programu kama hiyo muhula mmoja au miwili kabla ya mfumo kubadilishwa, alama za mtihani na barua za wazazi zitakuwa zimekwisha kuhama zenyewe. Aidha, aina nyingi za Linux huweza kuwashwa kutoka katika kidiski cha USB bila kugusa diski ya mashine, hivyo mwalimu aweza kujaribu mchana na kuikuta Windows yake salama jioni.

Kuhusu mafundisho yenyewe, Carroll alijaribu pia jambo lingine: vitabu vya maelezo vilivyo vifupi sana, vilivyoanza moja kwa moja na kazi halisi ya mtu na kueleza hasa namna ya kutoka katika makosa. Waliosoma vitabu hivyo walijifunza kwa haraka kuliko waliosoma vitabu vinene vilivyoeleza kila kitu kwa utaratibu. Katika chumba cha walimu jambo hili lina maana ya ukurasa mmoja uliobandikwa ukutani: dirisha la amri halinakili kwa Control na C bali kwa Control, Shift na C, aliyebonyeza Control na Z kwa bahati mbaya aandike fg, na programu yake itaamka, herufi kubwa si herufi ndogo, diski ya USB iko ndani ya media.

Yafaa vilevile kukumbuka kwamba wanafunzi hawabebi mzigo ule ule. Simu za Android, zilizoanza kuuzwa mwaka 2008, huendeshwa na kiini cha Linux. Kijana aliyekulia katika simu hizo hashangai kwamba programu huchukuliwa kutoka ghala moja lililohakikiwa, badala ya kutafutwa huku na huku katika intaneti. Hashangai programu inapoomba ruhusa. Wala hajapata kuona diski ya C, hivyo haikosi. Yeye hushangazwa na mambo mengine, hasa kwamba faili ina mahali inapokaa, jambo ambalo simu humficha. Mwalimu ajuaye folda na mwanafunzi ajuaye ghala wakiketi mbele ya mashine moja, kila mmoja ana nusu asiyokuwa nayo mwenzake.

Majuma kadhaa yakipita, mazoea mapya hujengeka, na dalili yake hutokea mahali pasipotazamiwa. Mwalimu yule wa jiografia anaazimwa mashine ya jirani, yenye Windows. Anafungua dirisha la amri la zamani kutafuta ramani zake, na vidole vyake vinaandika ls, amri ya Linux ya kuorodhesha faili. Mashine yamjibu kwamba haitambui amri hiyo.